Kikundi kipya na mkopo wa asilimia 10: namna ya kukishika mkono mpaka mwisho (uzoefu wa Mbeya)

Miaka kadhaa sasa kazi yangu hapa Mbeya ni vikundi, najaza fomu, naandika katiba, nasindikiza akina mama mpaka halmashauri, na kitu kimoja kinanikera, hela za mkopo wa halmashauri zikitoka majina ni yaleyale. Vikundi vyenye mwenyekiti mjanja anayejua agonge mlango upi. Mama lishe wa stendi hata hajui kuna tangazo. Kwaiyo haya nakuandikia wewe unayesaidia wapya, uwe afisa maendeleo wa kata, mtendaji wa mtaa, au kijana tu mwenye simu ya tachi ambaye mama yako kakwambia "hebu tusaidie".

Hatua ya 1: waambie kabisa ni mkopo

Wengi wanakuja wakijua ni hela za bure za serikali. Sio. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoingia 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ikopeshe vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Riba hakuna ila deni lipo. Aprili 2023 mikopo hii ilisimamishwa kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarudi 2024 na kanuni mpya, ndo maana sasa hivi uhakiki umekaza. Na kama uko Manispaa ya Songea, nyie ni kati ya halmashauri 10 zilizochaguliwa kujaribu kuipitishia mikopo hii benki, kwaiyo anzia kuuliza utaratibu wenu.

Hatua ya 2: habari iwafuate walipo

Karatasi iliyobandikwa kwa mtendaji wanaisoma waliokuja kuchukua barua ya utambulisho, basi. Wewe nenda sokoni Uyole, ila sio alfajiri wakati magunia ya viazi yanashuka maana hapo utatukanwa, nenda saa nne saa tano wakiwa wamekaa wanakunywa chai. Nenda vijiwe vya bajaji. Omba dakika mbili za matangazo kanisani na msikitini. Kwa wenye ulemavu usiwaite ofisi ya ghorofani halafu ukasema hawakujitokeza.

Hatua ya 3: majina, majina, majina

Hapa ndo vikundi vipya vinakufa. Wanawake au vijana wanaanzia watu watano, sawa, wamepatikana, kumbe mmoja kwenye NIDA ni Tumsifu, kwenye kadi ya kura ni Tumsife, na laini ya simu imesajiliwa kwa jina la shemeji yake. Mimi kabla ya kitu chochote nawakalisha chini, kila mtu anatoa kitambulisho, nanakili jina herufi kwa herufi kwenye daftari halafu anasoma mwenyewe. Asiyejua kusoma anasomewa na mwenzake, sio na mimi. Inachukua mchana mzima na utachoka, ila ukiruka hapa utarudi hapa. Mwenye tatizo la NIDA aanze kulishughulikia mapema, au wamtafute mwingine bila kugombana.

Hatua ya 4: katiba yao, sio ya jirani

Kuna steshenari zinauza katiba iliyochapwa tayari, unabadilisha jina tu. Kikundi changu cha kwanza kabisa kilikwama hapo, kava imeandikwa jina letu vizuri, ukurasa wa tano bado kuna kikundi cha wafuga nguruwe, na sisi tunauza mchele! Afisa alicheka mpaka akavua miwani. Waulize wenyewe maswali manne tu: mnakutana lini, asiyekuja anafanywaje, mwanachama akifa au akihama hela yake inakuwaje, nani anaruhusiwa kugusa pesa. Andika walivyojibu. Hiyo ndo katiba.

Hatua ya 5: usajili na akaunti

Usajili unapita kwa afisa maendeleo, mbebe muhtasari wa kikao wenye saini za wote. Akaunti ya benki iwe ya kikundi, na watia saini wasiwe mtu na mume wake. Mbele.

Hatua ya 6: andiko la mradi

Ukiwauliza mnataka shingapi watasema milioni kumi. Kwa nini kumi? Wanaangaliana. Sasa chukua kalamu, gunia la viazi shambani wananunua bei gani leo, kubeba mpaka barabarani, gari, ushuru, magunia matupu, kamba, na mzigo unaooza njiani (huo wanausahau kila siku). Mara nyingi inashuka, siku moja ilitoka kumi ikawa milioni tatu na laki mbili, mama mmoja akasema "kumbe tunaweza kuilipa hii". Kuhusu marejesho, mchuuzi anaweza kulipa kila mwezi, ila mkulima wa viazi anasubiri miezi mitatu minne mpaka avune, kwaiyo andikeni hilo wazi na ombeni marejesho yaanze baada ya mavuno. Usiporuhusu lijadiliwe sasa watakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, kulipia mkopo usio na riba, nimeyaona.

Hatua ya 7: kuomba na kukaguliwa

Maombi siku hizi yanaingizwa mtandaoni kwenye mfumo wa Wezesha. Kama hamna anayejua, afisa wa kata awasaidie, ni kazi yake, msimlipe. Siku ya ukaguzi kila mwanachama aweze kueleza mradi, maana nimeshuhudia katibu anaongea dakika ishirini wenzake wanaangalia viatu, na kamati ikaondoka na jibu lake. Mkikataliwa ombeni sababu kwa maandishi, rekebisheni hicho tu, mrudi dirisha la maombi likifunguliwa.

Na namba ya maombi iandikwe kwenye daftari la kikundi, sio kwenye simu ya katibu, simu za makatibu zina tabia ya kutumbukia chooni.