Kabla hujaifungua kompyuta kuitoa vumbi

Kwanza hakikisha ugonjwa wenyewe ni vumbi. Kompyuta inayowaka vizuri, kisha feni ikaanza kunguruma kama bodaboda iliyotoboka ekzosi, na baada ya dakika 10 au 20 ikajizima yenyewe, hiyo ishuku joto. Ile inayolia pi-pi-pi bila kuleta picha mara nyingi ni rami (kijibao cha kumbukumbu) imelegea au miguu yake ya rangi ya dhahabu imechafuka. Ichomoe, isugue taratibu kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka usikie vishikizo vimeshika. Hapo hukuwa na haja ya kubomoa chochote.

Nakili kazi za mwenye mashine kabla hujashika bisibisi. Vumbi huliondoi kwenye diski, najua, lakini diski kuukuu iliyokuwa inatafuta sababu ya kufa itafia mikononi mwako, na wewe ndiye utakayeulizwa picha za harusi ziko wapi.

Chomoa waya ukutani, usiishie kuzima swichi. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia, kishikilie sekunde 15 hivi, umeme uliobaki uishe. Laptop yenye betri ya ndani, plagi ya betri ndiyo kitu cha kwanza kuchomoa ukishafungua mgongo. Na sanduku la pawa saplai, lile linaloingiza umeme kwenye mashine, usilifungue hata kama vumbi linakuchungulia kwenye matundu. Ndani yake mna kapasita inayotunza volti zaidi ya 300, na inaweza kubaki nazo hata waya ukiwa umeshachomolewa. Lipulize kutokea nje, basi.

Piga picha kwa simu kabla hujatoa waya wowote, hasa vile vijiwaya vyembamba vya kitufe cha mbele. Gusa chuma cha kasha mara kwa mara ili umeme wa mwilini ushuke. Ukiwa Dodoma mwezi wa saba, hewa imekauka na sweta unalo, usilipuuze hilo.

Sasa upepo. Hapa nisikilize vizuri.

Nilikuwa mwaka wa pili wa ufundi, kibanda changu kiko Tandika, kinatazamana na fundi pancha ng'ambo ya barabara. Dada mmoja mwenye steshenari akaniletea sipiyu, kama tunavyoliita sanduku zima. Ilikuwa msimu wa maombi ya vyuo na mashine inamzimikia katikati ya kujaza fomu. Nikafungua. Vumbi la karatasi, unga wa wino wa fotokopi na vumbi la barabara vilikuwa vimeshikana kwenye mapezi ya alumini yanayopooza prosesa, ule ubongo wa mashine, kama sufi ya mto. Hewa ingepita wapi? "Kaka, saa moja tu tafadhali, vijana wamekaa wananisubiri," akasema.

Blowa yangu ya kupulizia vumbi ilikuwa imeungua wiki ile. Nikabeba sipiyu mabegani, nikavuka barabara kuomba upepo wa kompresa ya pancha. Mzee wa pancha akaiangalia, akasema, "Ngoja nimwage maji kwanza." Moyoni nikacheka. Maji gani kwenye upepo? Nikamjibu, "Acha tu mzee, mteja ana haraka." Akanitazama kidogo, akanipa mpira.

Likatoka wingu, watoto wakashangilia. Feni ya prosesa ikazunguka mpaka ikapiga mluzi, nami nikaona hiyo ndiyo raha ya kazi. Nikarudi kibandani, nikachomeka, nikabonyeza. Feni ikafanya nusu mzunguko, kikasikika kitu "tap", ikafuata ile harufu ambayo fundi yeyote anaijua hata usingizini. Madabodi, ile bodi kubwa inayobeba kila kitu, ilikuwa imekwenda. Nilipoinamisha taa ndipo nikayaona matone madogo ya rangi ya chai chini ya tundu la rami, yana utelezi wa mafuta. Dada hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Aliuliza tu, "Sasa hao vijana niwaambieje?" Madabodi ya mtumba niliinunua Kariakoo kwa hela niliyokuwa nimeiweka ya kodi ya chumba.

Jioni mzee akaniita. Akainama chini ya tangi, akafungua koki ndogo ambayo sikuwahi hata kuiona. Maji ya kahawia yakajaza nusu ya kopo la maziwa. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Kompresa ikiishindilia inapata joto, ikipoa ndani ya tangi ule mvuke unageuka maji na kukaa chini, ukichanganyika na kutu na mafuta ya mashine. Tairi halijali, madabodi inajali. Yule mzee alikuwa anamwaga kila asubuhi.

Kwa hiyo tumia blowa ya mkono ya umeme, au brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi. Ukilazimika kutumia kompresa, mwaga maji, puliza kwanza kwenye karatasi nyeupe uone kama inalowa, shusha nguvu, kaa mbali. Ukishamaliza, usiwashe siku hiyo. Iache hadi kesho, mteja anune. Na feni ishike kwa kidole au izuie kwa kijiti. Ikizungushwa kupita kasi yake unaua beringi.

Kwa laptop, kupuliza kutokea nje hakutoshi. Vumbi hukaa kati ya feni na mapezi kama kipande cha blanketi, na ukipuliza unalisukuma tu lirudi kwenye feni. Fungua, ulitoe kwa vidole.

Ukinyanyua kipoza joto cha prosesa, yaani yale mapezi na feni yake, pesti mpya ya kupitisha joto kati yao ni lazima. Kiasi cha punje ya choroko kinatosha. Dawa ya meno ni ya meno, hata kama kuna fundi alikuonyesha inafanya kazi, maana inakauka na joto linarudi. Kwa prosesa za kampuni ya AMD zenye pini chini, washa mashine dakika chache kwanza pesti ilainike, izime na uchomoe waya, kisha zungusha kipoza kidogo ndipo uvute, la sivyo kitang'oka na prosesa yake na pini zitapinda. Pesti ya zamani ifute kwa spiriti isiyochanganywa maji mengi.

Fanyia kazi hiyo nje, kivulini, si juu ya kitanda wala jikoni. Vaa barakoa, hasa kwa mashine ya steshenari, ule unga wa fotokopi si wa kuvuta. Ukikuta mende ndani, toa na mayai yake. Chai iwe mbali. Watoto pia. Skrubu zihesabu kwenye kifuniko cha chupa, na ukimaliza kufunga ukakuta moja imebaki, fungua tena uitafutie tundu lake kabla hujachomeka.