Mahindi ya masika: kadiria mavuno mapema kwa mwanga wa majani

Wakulima wenzangu wa Handeni, Korogwe na Muheza, inaniuma kuona mtu anauza mahindi yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa kisa dalali kamwambia hapa hutoki na kitu, na yeye hana namba ya kumjibu. Wakati siku hizi shamba linakadirika kabla hata hayajabeba, kwa kupima mwanga unaorudishwa na majani.

Iko hivi, jani lenye afya linakula sana mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi infraredi, ambayo macho yetu hayaioni. Jani likidhoofika mwekundu unaorudi unaongezeka, infraredi inapungua. Chukua infraredi toa nyekundu, gawa kwa jumla yao, hiyo ndo NDVI, namba ya kupimia ukijani wa shamba. Infraredi ikirudi asilimia 50 na nyekundu 8 inakupa 0.72, shamba limeshiba, ila 35 na 15 ni 0.40, hapo nenda kaangalie kuna nini. Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni bure, nukta moja ya picha ni mita 10 kwa 10 za shamba, kwa hiyo kishamba cha robo eka kinachanganyika na cha jirani, bora kifaa cha mkononi cha kupimia NDVI, muulize afisa ugani.

Sasa muda, hapa ndo wengi wanaharibu. Mahindi yakiwa na majani manne unapima udongo tu, majani yakifunika ardhi kabisa namba inagota juu, shamba zuri na zuri zaidi yanafanana. Pima kuanzia majani nane mpaka karibu na mbelewele, na palilia kwanza maana magugu nayo ni kijani, kunde ulizochanganya pia zinahesabika. Mwezi wa nne mawingu ya huku pwani mnayajua, picha yenye wingu achana nayo.

Ukipanda, mistari michache ipe mbolea ya kutosha, iwe ya kulinganishia. Shamba likiwa chini sana ya hiyo mistari na mvua ipo, linalia naitrojeni, wahi mbolea ya urea au CAN. Likilingana usiongeze, unatupa hela.

Ila NDVI haikupi magunia yenyewe mpaka uilinganishe na mavuno yako. Ukivuna pima vipande vitatu vya mita 5 kwa 5 sehemu tofauti, pukuchua, kausha, weka kwenye mizani, wastani zidisha kwa 160 unapata kilo za eka, andika kwenye daftari pembeni ya NDVI ya msimu huo.