Somo: Namna ya kujua wanafunzi wako wanapenda kusoma nini

Nimeulizwa jambo hili mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika lote hapa ili atakayeuliza tena aelekezwe.

Hatua ya 1. Mpe kila mwanafunzi karatasi na dakika 15.

Hatua ya 2. Uliza maswali yanayofaa. Hapa ndipo nilipokosea. Mwaka wangu wa kwanza niliuliza, "Unapenda kusoma nini?" na karibu wote wakaandika jina la kitabu cha kiada, kwa sababu mtoto akiulizwa na mwalimu hutafuta jibu la kumridhisha mwalimu. Mmoja hakuandika neno, ila alichora pembeni mnyororo wa baiskeli, pingili kwa pingili, nami nikamhesabu kuwa mvivu. Miezi kadhaa baadaye alipata kijitabu cha ufundi wa baiskeli, akakisoma hadi jalada likachanika. Basi uliza anafanya nini asipotumwa, na ni jambo gani angependa kulijua lakini hajapata wa kumwuliza. Usitoe alama, wala usisome majibu mbele ya darasa. Mtoto akichekwa mara moja hatakuambia ukweli tena.

Hatua ya 3. Panga majibu kwa mada, si kwa uwezo.

Hatua ya 4. Tafuta matini za kila mada, yakiwemo majarida na katuni. Soma mwanzo kwa sauti, kisha ukomee panaponoga.

Hatua ya 5. Rudia kila muhula.

MASWALI

— Nina wanafunzi 60, sina muda. Naomba orodha ya vitabu tu.

Orodha yangu ni ya wanafunzi wangu. Rejea hatua ya 2.

— Mwalimu, yupo binti anayeandika "sipendi chochote" kila mara. Je, anaficha jambo?

Ahsante kwa kumtazama kwa makini. Mara nyingine maana yake ni "nasoma kwa shida na sitaki ijulikane." Weka karatasi kando, zungumza naye faraghani, kisha mpe matini fupi yenye picha na msome kwa zamu.

— Akichagua kitabu kigumu?

Afungue ukurasa wowote, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vikitimia 5, huenda kimemzidi kwa sasa. Lakini akiking'ang'ania usimpokonye, kwani shauku humvusha mtoto maneno mengi.

— Nyongeza: wanafunzi wangu hubandika ndani ya jalada sentensi moja ya kumshauri msomaji ajaye.

Nitaanza hilo Jumatatu. Je, huandika majina yao?

— Anayetaka tu.