Jinsi ya kulifanya jiji lako lisaidie vipepeo wa monaki (na nyuki humohumo)

Wale mnaoishi Marekani au Kanada, iwe Minneapolis, Columbus, Toronto, popote pale, kama mnataka kuwasaidia monaki, yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeusi anayeruka kila mwaka mpaka milima ya Michoacán kule Mexico, naombeni msikimbilie kununua maua. Anzeni na halmashauri ya jiji. Bustani ya nyumbani ni nzuri sawa, lakini jiji ndilo lenye bustani za umma, kando za barabara, makaburi, na ndilo lenye mashine ya kukatia nyasi.

Hali si nzuri kwa kweli. Kule Mexico wanapima eneo la msitu ambalo monaki wamejazana wakati wa baridi. Msimu wa 1996-97 lilikuwa kama hekta 18, msimu wa 2023-24 likabaki 0.9, uliofuata likapanda kidogo, 1.79. Sababu ziko nyingi ila kubwa ni milkwidi (milkweed, mmea anaoula kiwavi wa monaki) kuisha mashambani, maana siku hizi mahindi na soya yametengenezwa yavumilie dawa ya magugu, mkulima anapiga shamba zima, milkwidi inakufa. Na kiwavi wa monaki hali kitu kingine, ni milkwidi basi, ule mmea ukikata jani unatoa utomvu mweupe (ukiushika usijifute macho, utajuta). Hata kwetu Afrika Mashariki yupo monaki wa Afrika na kiwavi wake anakula mimea ya jamii hiyohiyo.

Sasa kwanza soma sheria ya magugu ya mji wako. Miji mingi inasema nyasi zisizidi inchi kadhaa, jirani mmoja akipiga simu unaletewa barua, saa nyingine wanakuja kukata wenyewe halafu bili inakujia wewe. Minnesota mwaka 2023 walipitisha sheria ya jimbo kwamba miji iruhusu bustani za mimea ya asili zinazotunzwa, mtajie diwani wako hiyo. Wakati unasubiri, kata ukanda mfupi wa nyasi kuzunguka bustani na uweke kibao, watu wakiona pamepangwa hawalalamiki sana.

Halafu ratiba ya kukata nyasi, hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Geuza jani la milkwidi mwezi wa sita uangalie chini yake, utaona kiyai kimoja kama kichwa cha pini, rangi ya maziwa, kina mistari ya kusimama. Baada ya siku 4 hivi kinaanguliwa, kiwavi anakula kwanza ganda lake ndo anahamia kwenye jani, na hapo ni kula tu wiki mbili mpaka anenepe, mistari myeusi, myeupe na ya njano. Mashine ikipita ndani ya hizo wiki mbili kwisha habari. Kwa hiyo waombe wasikate kando za barabara majira ya joto, panapolazimika kwa ajili ya usalama wakate ukanda wa pembeni tu, kwingine kusubiri baridi iingie. Haiwaongezei gharama, tena mafuta yanabaki. Na nendeni kuongea mapema mwakani, kabla mikataba ya kukata nyasi haijasainiwa, na muwe wengi, diwani anahesabu vichwa.

Meya naye kuna Mayors' Monarch Pledge, yaani ahadi ya mameya kuwasaidia monaki, ya shirika la uhifadhi la National Wildlife Federation, tangu 2015, anasaini na kuchagua angalau mambo matatu ya kutekeleza. Saini peke yake ni picha ya gazetini tu, we uliza mmechagua yapi, idara gani inafanya, hela iko wapi.

Kwenye kupanda, chukua milkwidi ya asili ya eneo lako. Asclepias incarnata inapenda unyevu, tuberosa inapenda pakavu. Ile ya kitropiki, curassavica, maua mekundu na njano, iache, maana kule Florida na kusini mwa Texas haikauki wakati wa baridi na vimelea (vijidudu) vinavyowadhuru monaki vinarundikana kwenye majani. Mbegu zinataka baridi kwanza, panda mwezi wa kumi na moja au zifunge kwenye tishu yenye unyevu uweke kwenye friji mwezi mzima. Kwenye kitalu uliza kama miche imepigwa neonikotinoidi, dawa ya kuua wadudu, muuzaji akibabaika ondoka. Ongeza maua ya asta na goldenrodi yanayochanua mwishoni mwa msimu, monaki wa safari wanajaza mafuta hapo. Nyuki wengi wa asili wanachimba ardhini, hawana mzinga, so acheni sehemu ya udongo wazi, na mabua makavu, wanamokaa nyuki wengine, yasikatwe mpaka mwezi wa tano.

Dawa ya mbu nayo. Ile inayopulizwa mitaani inaua na vipepeo, waambieni jiji lianze na Bti, dawa inayotokana na bakteria, kwenye maji yaliyotuama, inaua viluwiluwi vya mbu haigusi kipepeo, na gari la kupuliza litoke tu ugonjwa ukionekana.