Somo: kidonda cha opereshini ya mgongo kikianza kutoa usaha

Habari zenu jamani. Wengi mmeniuliza inbox kuhusu kaka yangu, sasa naandika yote hapa mara moja. Mimi si musawo (daktari), mimi ni dada wa mgonjwa tu, ila nimekaa naye wadi wiki saba na maswali nimeuliza mpaka manesi walikuwa wakiniona wanacheka.

Kaka alipasuliwa kiunoni Kampala, diski ilikuwa inabana mshipa wa fahamu, wakamwekea na vyuma. Tukarudi Arua kwa basi, kidonda kikavu kabisa. Siku ya kumi na moja asubuhi anavua shati, linavutika na ngozi, limegandana. Ndani kuna doa la njano ukubwa wa shilingi mia tano. Yeye anasema ni jasho.

Kwa hiyo la kwanza: nyani haoni kundule na mtu haoni mgongo wake. Chagueni mtu mmoja, yule yule, awe anaangalia kidonda kila siku na kupiga picha kwa simu, mwanga ule ule wa dirishani. Kama kimefunikwa bandeji na mmeambiwa msiifungue, basi aangalie bandeji na ngozi ya pembeni. Ukilinganisha picha ya jumatatu na ya alhamisi utaona wekundu unapanuka, bila picha mtabishana tu. Kwa mtu mweusi wekundu hauonekani vizuri, ngozi inaweza kuwa ya zambarau au kung'aa kama imevutwa, kwa hiyo gusa pembeni na mgongo wa mkono, kama ni pa moto kuliko ngozi nyingine hiyo ni dalili. Uvimbe, usaha, harufu, nyuzi kuachia, homa ya 38 kwenda juu, na maumivu ambayo yalikuwa yanapungua halafu yakageuka, zote ni dalili.

Pili, na hapa ndipo sisi tuliharibu. Usikimbilie duka la dawa. Tulinunua ampiclox, vidonge vya kuua bakteria, tena jirani akatushauri tufungue vidonge tumwage unga kwenye kidonda, tukamwaga. Siku tano! Tulipofika hospitali wakachukua usaha kupeleka maabara, hakuna kilichoota, kwa sababu dawa ilikuwa imeshawachanganya wale wadudu bila kuwamaliza. Daktari akabaki anakisia dawa ya kuwaua. Anayesababisha mara nyingi ni bakteria anaitwa Staphylococcus aureus, anakaa kwenye ngozi na puani mwetu, na wengine wao hawasikii dawa za kawaida. Kwa hiyo sampuli kwanza, dawa baadaye, labda mgonjwa awe amezidiwa kabisa, hapo daktari hatasubiri majibu.

Tatu, wakati mnajiandaa kwenda: nawa mikono na sabuni, funika na bandeji safi kavu, basi. Usikamue. Usichokonoe. Mkanda wa suruali usiguse hapo. Na tafadhali asipande boda, tafuteni gari alale ubavu.

Nne, hospitali. Kama ni ngozi ya juu tu, mara nyingi ni kusafisha, bandeji na vidonge. Kama imeingia chini kwenye misuli au vyuma, anarudishwa thieta wanafungua wanaosha, halafu sindano za mshipani wiki kadhaa. Kaka alipata wiki sita. Chakula nacho ni dawa, kidonda kinajengwa na protini, mimi nilikuwa napika mukene (dagaa) na karanga kila siku mpaka akazichukia. Na sigara aache.

MASWALI

bodaman_lira: Mimi wiki ya tano, kidonda kimefunga vizuri hakuna usaha lakini mgongo unauma usiku hata nikilala, na jasho. Ni kawaida?

Hapana ndugu yangu, hiyo usiiachie. Infekisheni inaweza kujificha chini kwenye diski au mfupa huku juu kumefunga. Rudi kwa waliokupasua, waombe vipimo vya damu vya ESR na CRP, vinavyopanda mwili ukiwa na infekisheni, wataamua kama unahitaji MRI, ile picha ya ndani ya mgongo. Na miguu ikiisha nguvu, au sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, usingoje kesho, ni usiku huo huo.

mama_mapacha: Dada, ya mume wangu si usaha, ni maji meupe kabisa kama ya kunywa, yanalowesha shuka. Akikaa kichwa kinampasuka, akilala kinatulia.

Mama, hayo yanaweza kuwa maji ya uti wa mgongo yanavuja. Mlaze chali asiinuke inuke, mpeleke LEO, wadudu wakipitia hapo wanafika kwenye ubongo. Nijibu ukifika.

kijana_wa_koboko: shemeji anasema waragi inaua wadudu wote, tumwagie?

Anywe yeye hiyo waragi 😂 Pombe inaunguza nyama changa inayoota, haidrojeni peroksaidi vilevile. Chumvi ya jikoni pia hapana, na asali msipake bila kuuliza.

bodaman_lira: Na vyuma watavitoa?

Kama ni mapema mara nyingi wanaviacha, mfupa bado haujashikana, ukivitoa mgongo unalegea. Wanaosha vikiwa humo humo. Vya kaka bado vipo.

nalule88: Mzee wetu ana sukari, kidonda kinachelewa tu, dawa zote anameza.

Pimeni sukari asubuhi kabla hajala na muandike kwenye daftari, muende nalo kliniki. Sukari ikiwa juu kidonda hakifungi hata mumeze duka zima. Chai yake mnaweka vijiko vingapi?

mama_mapacha: Tumefika, wamemlaza.