Namna ya Kuomba Fedha za Serikali kwa Ajili ya Makinga Maji Nchini Uganda

Kwenye miteremko ya Kabale, Kisoro na Bududa, wakulima wengi huandika barua ya kuomba msaada baada ya mvua kuteremsha udongo bondeni, wakati bajeti ya wilaya imekwisha kupitishwa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mikutano ya bajeti wilayani kwa kawaida hufanyika mapema mno, mnamo Oktoba na Novemba. Kwa hiyo ombi lenu la makinga maji, yaani mitaro na matuta ya kuzuia maji yasichukue udongo, halina budi kuwa limepita kijijini na parishini, ngazi iliyo juu ya kijiji, kabla ya hapo.

Anzeni na mkutano wa kijiji chini ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na msiondoke kabla kazi ya makinga maji haijaandikwa katika kumbukumbu, kwa sababu Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inaitaka wilaya ijumuishe mipango ya ngazi za chini katika mpango wake. Chifu wa parishi atalipeleka ombi gombolola, ngazi iliyo kati ya parishi na wilaya.

Ombi lisilo na vipimo ni rahisi kuwekwa kando. Tembeeni mteremko pamoja na afisa kilimo, pimeni kontua, yaani mistari ya usawa mmoja wa mteremko, kwa fremu ya A (kifaa cha miti chenye umbo la herufi A), kisha mwandike urefu wa mitaro kwa mita, kaya zitakazonufaika, mahali maji ya ziada yatakapoelekezwa, gharama ya majembe na ya vipando vya majani ya tembo, pamoja na siku za kazi ambazo wanakijiji watajitolea. Ambatanisheni sahihi za wote ambao mtaro utapita mashambani mwao. Kwangu mimi hili ni zito kuliko yote, kwani fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu, ikikatika kwa jirani mmoja aliyekataa, maji ya mteremko mzima humwagika hapo na kuchimba korongo.

Chagueni mfuko unaofaa. Kazi ya pamoja iombewe ruzuku ya maendeleo inayopokelewa na wilaya na gombolola. Fedha za Mpango wa Maendeleo wa Parishi ni mkopo wa kaya, hadi shilingi 1,000,000, nao unamfaa zaidi anayetaka kupanda malisho kwenye kingo zake na kufuga. Kwa umwagiliaji mdogo serikali imekuwa ikichangia kati ya asilimia 25 na 75 ya gharama, na mkulima hulipa sehemu yake kabla ya mitambo kufungwa.

Fedha zikitolewa, kiasi chake hubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mteueni mwanakikundi mmoja wa kuusoma kila robo mwaka na kuwaletea wenzake takwimu hizo.