Kutafuta kipande cha neno ndani ya orodha za maandishi katika Python

Karani wa mauzo ya samaki pale Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, huandika kadiri mkono unavyomwendea: leo "Sato wakubwa", kesho "sato kilo 20". Maandishi ya namna hiyo yakiingizwa katika Python hukaa kwenye orodha:

mauzo = ["Sato wakubwa", "sangara kilo 40", "furushi la dagaa", "furu wabichi", "mabondo makavu"]

Wanaoanza wengi huandika "sangara" in mauzo, wakapata False ilhali sangara wanamwona. Sababu ni kwamba in, ikielekezwa kwenye orodha, hulinganisha kipengele kizima kizima. Ikielekezwa kwenye maandishi yenyewe, ndipo hutafuta kipande kilichomo. Hivyo tunapita kipengele kimoja kimoja:

[m for m in mauzo if "sato" in m.lower()]

Bila lower(), inayogeuza herufi kubwa kuwa ndogo, "Sato wakubwa" wangeachwa. Ukitaka kujua tu kama wamo, tumia any("sato" in m.lower() for m in mauzo), ambayo huacha kutafuta mara inapopata wa kwanza.

Jihadhari na find(). Hiyo hurudisha nafasi ambapo kipande kinaanzia, au -1 kisipokuwepo. Kwa kuwa Python huhesabu kuanzia 0, na 0 huchukuliwa kuwa si kweli, sharti la if m.find("furu"): litawakataa "furu wabichi" na kuwapokea "sangara kilo 40". Andika m.find("furu") >= 0, au afadhali utumie in.

Hata in haitoshi hapa, kwa maana "furu" imo pia ndani ya "furushi", na furushi lile ni la dagaa. Dawa yake ni kuweka mpaka wa neno, unaoandikwa \b katika moduli ya re ya Python:

import re
[m for m in mauzo if re.search(r"\bfuru\b", m, re.IGNORECASE)]

Lakini Kiswahili hubandika viambishi mwanzoni mwa maneno, kwa hiyo anayetafuta "bondo" na kuweka mpaka pande zote mbili atayakosa "mabondo". Kwake naona r"bondo\b" inafaa zaidi, maana mpaka unabaki mwishoni tu.

Safu (array) ya NumPy, maktaba ya Python ya kukokotoa data, ikiwa na maandishi huchujwa hivi:

import numpy as np
safu = np.array(mauzo)
safu[np.char.find(np.char.lower(safu), "sato") >= 0]

Hapa -1 ni ileile ya find(), kwa hiyo usiisahau >= 0.